Tumefanya nini? Kusoma upya "Takadini" ukiwa Chato

Leo tunaiweka darubini pembeni kidogo, tunashika riwaya. Kama ulisoma sekondari Tanzania katika miaka ishirini hivi iliyopita, kuna uwezekano mkubwa umeshakutana nayo: "Takadini" ya Ben Hanson. Kitabu chembamba cha Kiingereza, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, ambacho wengi wetu tulikisoma kidato cha tatu na cha nne kwa sababu moja tu: mtihani.

Mimi nilikisomea hapa Chato, nikiwa na daftari la madesa pembeni. Desemba iliyopita nilirudi nyumbani likizo, baada ya miaka miwili ya shahada ya uzamili ambayo karibu yote niliitumia kufukuzana na vinasaba. Nikakikuta kwenye boksi la vitabu vya zamani, jalada limetafunwa na panya. Nikakaa nacho barazani, nikakimaliza siku hiyo hiyo. Na safari hii kimenigusa na kunikera kwa pamoja.

Kimenigusa kwa sababu kinauliza swali zuri kuliko kitabu chochote cha kiada nilichopewa shuleni. Kimenikera kwa sababu tulifundishwa kulijibu vibaya, na jibu lilikuwepo palepale shuleni, kwenye kipindi cha Baiolojia.

Hebu tuanze na kitabu chenyewe.

Hadithi kwa ufupi

Tuko Zimbabwe, zama za kabla ya ukoloni. Sekai, mke mkubwa wa Makivi, amekaa miaka mingi bila mtoto huku wake wenzake wakizaa. Hatimaye anapata mimba. Mtoto anazaliwa, na wanawake waliomzalisha wananyamaza. Mtoto ana ngozi nyeupe na nywele za rangi ya nyasi kavu. Kwa lugha ya leo, ni mtoto mwenye ualbino. Desturi ya jamii ile inataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Anapewa jina Takadini, ambalo kwa Kishona maana yake ni "tumefanya nini?"

Sekai anatoroka na mwanawe. Anatembea hadi kijiji cha chifu Masasa, anapokelewa na mzee Chivero, ambaye naye ni mlemavu wa mguu. Mtoto anakua, anatengwa na wenzake, anafundishwa kupiga mbira, anakuwa kijana. Shingai, binti ambaye wazazi wake wamemkusudia kijana mwingine, anamchagua yeye. Hapo ndipo kijiji kinatikisika.

Kinachofanya kazi

Jambo la kwanza ambalo Hanson amelifanya vizuri ni kuanza na mama. Angeweza kuanza na mtoto akiwa mkubwa, akituhadithia mateso yake ili tumwonee huruma. Badala yake ametuweka chumbani, dakika ya kuzaliwa. Msomaji unaiona furaha ya Sekai kabla hujaiona hofu ya wengine. Yule mwanamke aliyeitwa tasa miaka yote anashika mtoto wake, na kwa muda ule mfupi yeye peke yake haoni tatizo lolote. Anaona mtoto.

La pili ni jina. Kumwita mtoto "tumefanya nini?" ni kumbebesha lawama ya ukoo mzima kila anapoitwa aje kula. Hata hivyo liangalie vizuri swali lenyewe. Halisemi "mama amefanya nini?" Linasema "tumefanya." Wingi. Nitarudi kwenye wingi huo, maana kisayansi ndiyo neno sahihi kuliko yote katika kitabu hiki, na sina hakika kama mwandishi mwenyewe alilikusudia hivyo.

La tatu ni Chivero. Anayempokea Sekai ni mtu ambaye mwili wake pia umeshasemwa vya kutosha. Hanson hakutaka kutuletea mfadhili kutoka mbali. Wokovu unatoka ndani ya kijiji, kwa mzee anayejua maana ya kutazamwa vibaya. Sisi tunaotoka Kanda ya Ziwa, tuliozoea filamu ambazo mwokozi anashuka na ndege, tunapaswa kumshukuru kwa hilo.

Kinachopwaya

Sasa upande wa pili.

Kwanza, umbali. Kuiweka hadithi zamani kabla ya ukoloni, nchi nyingine, kunampa msomaji wa hapa mahali pa kujificha. Tulipokuwa darasani tulisema "jamii za kale zilikuwa na mila potofu," tukafunga kitabu. Lakini mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Mwanza, Shinyanga na Geita kuanzia mwaka 2007 hivi hayakuwa ya kale hata kidogo. Yalikuwa na simu za mkononi, pikipiki na fedha taslimu. Februari 2015, mtoto wa kiume wa umri wa karibu mwaka mmoja aliporwa kutoka kwa mama yake hapa wilayani Chato. Mama alijeruhiwa akijaribu kumtetea. Baada ya siku chache mwili wa mtoto ulipatikana bila mikono na miguu. Mama yule alikuwa Sekai, ila hakupata nafasi ya kutoroka. Na sisi tulikuwa tunaandika insha kuhusu "jamii za kale."

Kwa haki ya mwandishi: mwaka 1997 hakuweza kujua yatakayotokea kwetu muongo mmoja baadaye. Lawama hii ni ya sisi tulioendelea kukifundisha kitabu chake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Pili, kipaji. Takadini anakubalika polepole kwa kuwa ni hodari wa mbira. Inapendeza kusoma, lakini inaacha swali bayana: je, asingejua kupiga mbira? Mtoto mwenye ualbino wa Buseresere au Muganza ambaye hana kipaji chochote cha pekee, anayepata alama za wastani na kupenda mpira kama wenzake, naye ana haki ya kuishi ileile. Hadithi nyingi za watu wenye ulemavu zina mtego huu. Zinamlazimisha mhusika awe wa ajabu ndipo astahili kuwa wa kawaida.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, swali la jina linaachwa hewani. Riwaya inajibu upande wa maadili: hakuna aliyekosa, mtoto ni mtoto. Sawa kabisa. Lakini upande wa "ilikuwaje?" hauguswi. Utasema riwaya si kitabu cha sayansi, na wahusika wa zama zile wasingeweza kujua. Kweli. Basi ilikuwa kazi ya mwalimu na mwanafunzi kulimalizia. Hatukulimalizia.

Unakumbuka tulivyofundishwa? Mwalimu aliandika ubaoni orodha ya dhamira: mapenzi, nafasi ya mwanamke, migogoro, mila potofu, ujinga. Tukakariri. Kwenye mtihani tukaandika kwamba mwandishi ameonyesha "ujinga" katika jamii, tukatoa mifano miwili, tukapata alama. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa: ujinga wa nini hasa? Ni kitu gani ambacho wale wazee hawakukijua, na wewe mwanafunzi wa karne ya 21, je, unakijua? Tuliandika neno "ujinga," tukasahihishiwa, tukatoka na ujinga uleule.

Jibu lililokuwa Baiolojia

Sasa tulijibu, taratibu.

Rangi ya ngozi, nywele na macho yetu inatokana na melanini, ambayo mwili unaitengeneza ndani ya seli maalumu. Kuitengeneza kunahitaji jeni kadhaa zifanye kazi. Moja inaitwa OCA2, na iko kwenye kromosomu ya 15. Ikiharibika, seli zipo, malighafi ipo, ila uzalishaji unakwama.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Fikiria kijiji chenye mashine mbili za kusaga. Moja ikifa, watu bado wanapata unga, na mgeni akipita hawezi kujua kwamba kuna mashine iliyokufa. Zote mbili zikifa, hakuna unga. Ndivyo ilivyo hapa. Mwenye nakala moja nzima na moja mbovu ana rangi yake kama kawaida. Tunamwita mbeba jeni, na mara nyingi anazeeka na kufa bila kujua kama ni mbeba jeni. Mtu mwenye ualbino ni yule ambaye nakala zake zote mbili ni mbovu.

Kwa hiyo mtoto mwenye ualbino wa aina hii hawezi kupatikana kwa nakala ya mama peke yake. Lazima baba naye awe ametoa moja. Nusu kwa nusu. Yule baba anayesusa na kusema "kwenye ukoo wetu hakuna watu wa namna hii" anasema asichokijua, maana kwenye ukoo wake nakala hiyo imekuwa ikisafiri kimyakimya, kizazi hadi kizazi, ndani ya watu weusi tititi. "Tumefanya," kwa wingi. Kijiji cha Sekai kiliuliza kwa sarufi sahihi.

Na tuhuma kwamba mama "alitembea na mzungu"? Inaanguka yenyewe. Mtoto wa Mwafrika na mzungu anakuwa na melanini, ila ya kiasi cha katikati. Ualbino ni kitu kingine kabisa, na wazungu wenyewe wapo wenye ualbino.

Kuna jambo lingine ambalo lilinifanya nikiweke kitabu chini nilipolikumbuka. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa watu wenye ualbino kutoka Tanzania. Zaidi ya robo tatu ya nakala mbovu walizokuwa nazo zilikuwa na kasoro ileile moja: kipande cha herufi karibu 2,700 za vinasaba kimekatika ndani ya jeni ya OCA2. Kasoro hiyohiyo imekutwa Afrika Kusini, Kameruni, kwa Wamarekani weusi, na Zimbabwe. Wanasayansi wanaona kwamba ilitokea mara moja, zamani sana, kwa mtu mmoja, kabla watu wa lugha za Kibantu hawajasambaa kusini na mashariki mwa Afrika.

Tafakari maana yake. Takadini angekuwa mtu wa kweli, kuna uwezekano mkubwa kasoro yake ingekuwa ndiyo hii iliyopo kwa mtoto wa Chato. Anayetafuta wa kumlaumu itabidi arudi nyuma zaidi ya mama, zaidi ya ukoo, zaidi ya kabila lolote tunalolitaja leo, hadi kwa babu mmoja ambaye yawezekana ni babu yake pia yeye anayelaumu.

Wangapi tunaibeba?

Hapa hesabu ni rahisi, chukua kalamu. Makadirio yanayotumika sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi. Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja kwa kila 17,000 hadi 20,000. Sensa yetu ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na kati yao zaidi ya 16,000 walikuwa na ualbino, yaani kama mmoja kwa kila 2,800. Tofauti hiyo haishangazi. Wapo waliofichwa ndani siku ya kuhesabiwa, na wapo waliokwisha kufa mapema kwa saratani ya ngozi.

Ili mtoto awe na ualbino anahitaji nakala mbovu mbili, kwa hiyo tunatafuta kipeuo cha pili. Kwa mmoja kati ya 1,400, nakala mbovu ni kama moja katika kila nakala 37. Kila mtu ana nakala mbili, kwa hiyo wabebaji ni karibu mtu mmoja kati ya 19. Ukitumia namba ya sensa unapata mmoja kati ya 27. Ni makadirio tu, yanachukulia kwamba watu wanaoana bila kuangalia jeni, ambalo ni kweli kabisa.

Sasa chukua darasa la wanafunzi 80, kama letu lilivyokuwa. Watatu au wanne humo ndani wanaibeba. Kwenye daladala moja iliyojaa kutoka Chato kwenda Bwanga, kuna mmoja. Anaweza kuwa wewe. Anaweza kuwa mimi.

Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ni kama kurusha sarafu mbili kwa pamoja, moja ya baba na moja ya mama. Zote zikiangukia upande mbovu, mtoto ana ualbino. Uwezekano ni robo moja. Na hapa naomba uniazime sikio, kwa sababu nimesikia kosa hili hata kwa watu waliofaulu Baiolojia: robo haimaanishi kwamba ukishapata mmoja, watatu wanaofuata "wako salama." Sarafu haina kumbukumbu. Kila mimba inaanza upya na robo yake. Ndiyo maana kuna familia yenye watoto watatu mfululizo wenye ualbino, na nyingine yenye mmoja kati ya tisa, na zote mbili hazina muujiza wala laana ndani yake.

Na hata walimu wetu walikosea mfano

Nisiwaonee walimu wa fasihi peke yao. Wa sayansi nao tulikuwa na kasoro yetu. Urithi wa sifa za binadamu wengi wetu tulifundishwa kwa kukunja ulimi. "Nani anaweza kukunja ulimi kama bomba? Hiyo ni jeni inayotawala." Darasa zima ulimi nje, vicheko, kengele inalia, kipindi kimekwisha.

Tatizo ni kwamba mfano huo si sahihi. Ulitokana na makala ya Alfred Sturtevant ya mwaka 1940. Mwaka 1952 mtafiti mwingine, Matlock, aliangalia mapacha wanaofanana, wale wenye vinasaba vilevile, akakuta jozi ambazo mmoja anakunja ulimi na mwenzake hawezi. Ingekuwa ni jeni moja tu inayoamua, hilo lisingetokea. Sturtevant mwenyewe baadaye alikiri. Lakini ulimi umebaki kwenye masomo hadi leo kwa sababu unachekesha.

Ualbino, kwa upande mwingine, ulikuwa miongoni mwa sifa za kwanza kabisa za binadamu kuelezwa kwa kanuni za Mendel. Archibald Garrod, daktari wa Uingereza, aliuweka kwenye orodha yake ya kasoro za kuzaliwa nazo mwaka 1908. Kwa hiyo tulikuwa na mfano sahihi, wenye historia ndefu, unaoishi mtaani kwetu na unaohusu uhai wa watu, tukaupitia kwa mstari mmoja. Kisha tukatumia dakika arobaini kwenye ndimi.

"Lakini jeni hazizuii panga"

Najua utaniambia hivyo, na uko sahihi kwa sehemu kubwa. Wanaoua wanafuata fedha. Wanaowatuma wanafuata utajiri wa machimbo, ziwa au siasa. Mtu aliyeamua kuuza mkono wa mtoto hatabadilishwa na mchoro wa kromosomu ya 15. Kwake kinachohitajika ni polisi, mahakama na jirani anayepiga yowe.

Ila kuna vitu viwili ambavyo elimu hii inavigusa. Cha kwanza ni nyumba. Katika baadhi ya visa, waliotiliwa shaka ni ndugu wa karibu. Kabla ya panga kuna kipindi kirefu cha mama kuachwa, mtoto kuitwa mkosi, mlango kubaki bila mwanaume na bila jirani. Ule upweke ndio unaomrahisishia kazi mhalifu. Baba anayejua kwamba nusu imetoka kwake ana sababu moja pungufu ya kuondoka.

Cha pili ni jua. Melanini ndiyo kinga yetu dhidi ya mionzi. Mtoto asiye nayo, kwenye mwalo wa dagaa au shamba la pamba, anaungua kila siku. Saratani ya ngozi inaua watu wengi wenye ualbino kuliko waganga, tena bila kutangazwa redioni. Macho pia yanahitaji melanini ili yakue vizuri, ndiyo maana mwanafunzi mwenye ualbino anaona kwa shida ubaoni na macho yake yanachezacheza. Hana uvivu wala uzito wa akili. Anahitaji kiti cha mbele, maandishi makubwa, kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kujikinga na jua kama yale yanayotengenezwa KCMC Moshi. Ukishaelewa kwamba kinachokosekana ni melanini, unajua la kufanya. Ukidhani ni laana, unampeleka kwa mganga.

Kuna wasiwasi mwingine ambao nauheshimu zaidi: je, tukiwafundisha watu habari za wabebaji, hawataanza kukataana kwenye ndoa? Inawezekana. Dawa yake ni kueleza hesabu yote badala ya nusu. Karibu kila binadamu anabeba nakala kadhaa mbovu za jeni hii au ile. Anayetafuta mchumba asiyebeba chochote atazeeka peke yake.

Swali la bibi

Nimalizie na kilichotokea barazani. Bibi yangu aliniona nikisoma, akataka nimsimulie. Nikamsimulia kwa Kiswahili, kisehemu baada ya kisehemu, huku akichambua maharage. Nilipomaliza aliuliza:

"Sasa mjukuu wangu, huyo mama wa kwenye kitabu, kosa lake lilikuwa nini?"

Nikamwambia hana kosa, bibi, na nikamweleza habari ya mashine mbili za kusaga. Akasikiliza. Kisha akasema, "Na yule mwenzetu wa kule bondeni?"

Namfahamu. Alijifungua mtoto mwenye ualbino mimi nikiwa darasa la pili. Mume wake alikwenda kwao "mara moja," hakurudi. Watu walisema mengi.

"Naye hana kosa, bibi. Na mume wake naye alitoa nusu."

Alinyamaza muda mrefu. "Mimi ndiye niliyesema wa kwanza," akasema. "Nilikuwepo anazaa. Nikatoka nje nikasema."

Kesho yake asubuhi alijitanda khanga, akaniambia nimsindikize. Yule mama alitupokea vizuri, akatuwekea viti kivulini. Shikamoo, marahaba, habari za siku nyingi. Bibi alisema alichokwenda kusema. Hayo ni yao. Mimi nikaeleza ya kwangu. Yule mama hakulia wala hakushangaa sana. Aliniuliza swali moja tu, la mtu anayetazama mbele: "Mwanangu akioa, watoto wake watakuwaje?"

Ni swali lilelile ambalo wazazi wa Shingai wangepaswa kuuliza badala ya kufoka. Jibu ni hili. Kijana atampa kila mtoto nakala moja mbovu, hilo halina mjadala, kwa sababu hana nyingine. Kinachoamua ni mke. Kama mke si mbebaji, hakuna mtoto atakayekuwa na ualbino, ingawa wote wataibeba. Kama ni mbebaji, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kwa binti yeyote asiye ndugu yake ambaye hujui historia ya kwao, ukichukua ile hesabu ya mmoja kati ya 19 hadi 27, uwezekano wa mtoto mwenye ualbino haufiki asilimia 3. Na akizaliwa, mnanunua kofia, mnamketisha mbele darasani, mnamlinda, maisha yanaendelea.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wanaotusoma ni dogo. Mkifundisha "Takadini," mwiteni mwalimu wa Baiolojia kipindi kimoja. Andikeni jina la kitabu ubaoni, litafsirini, kisha waachieni wanafunzi walijibu kwa kalamu, wakichora nakala mbili za baba na mbili za mama. Dakika arobaini zinatosha. Na wewe uliyemaliza shule zamani, kama kuna mtu mtaani kwenu uliyewahi kutoka nje ukasema, bado hujachelewa kwenda kumwambia.